Nyumba ya Hewa

Kuna aina mbili za nyumba za hewa, na mtoto yeyote aliyekulia Dar es Salaam ameshaingia katika moja. Ni lile jumba la plastiki la kurukia watoto linalosimamishwa viwanjani sikukuu ya Idi, lenye minara minne na katuni iliyochorwa na mtu ambaye ni wazi hajawahi kuiona katuni yenyewe. Nyuma yake kuna mashine ya kupuliza inayonguruma muda wote, kwa sababu mishono ya jumba lile inavuja kwa makusudi: hewa inaingia kwa nyuma na kutokea kwenye kila tundu la sindano. Umeme ukikatika, minara inainama kwanza, halafu kuta, halafu unasikia watoto wanacheka na mama mmoja anapiga yowe. Aina ya pili haina mngurumo. Ni mirija iliyozibwa kabisa, kama tyubu ya baiskeli. Unajaza mara moja, unafunga valvu, unaondoka na pampu yako.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu aina ya pili. Ni hema la dharura la familia moja, mita 3 kwa 6, lenye mbavu nne za hewa na ngozi ya turubai, linalobebwa na watu wawili na kusimama ndani ya robo saa. Watu wakiniuliza ninasoma nini, ninajibu "usanifu majengo" na kuishia hapo. Nikisema "mahema ya kupuliza", mazungumzo yanageuka utani, na utani wenyewe huwa ni uleule.

Wazo si geni. Mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester, aliyejulikana zaidi kwa magari na kwa hesabu za urukaji wa ndege, aliomba hataza ya hema la hospitali ya vitani lisilo na nguzo hata moja. Kitambaa kingeshikiliwa juu na hewa ya ndani iliyozidi kidogo presha ya nje, na watu wangeingia kupitia chumba kidogo chenye milango miwili: mmoja ukishafungwa ndipo mwingine unafunguliwa, ili hewa isitoroke. Hema hilo halikujengwa. Kuba la kwanza la aina hiyo lilisimama mwaka 1948 huko Buffalo, Marekani, pale Walter Bird na wenzake katika maabara ya urukaji ya Cornell walipotengeneza moja lenye kipenyo cha mita 15 hivi. Lakini ndani yake hakukuwa na majeruhi. Lilikuwa la kufunika rada, kwa kuwa kitambaa hupitisha mawimbi ambayo paa la chuma lingeyazuia. Huwa naifikiria sana ile miaka 30. Wazo la kuwafunika wagonjwa lilikaa kwenye karatasi hadi mashine nayo ilipohitaji kufunikwa.

Kuba kama la Lanchester lina hesabu nzuri na tatizo baya. Presha ya ndani inayohitajika ni ndogo mno, kama paskali 250. Hata masikio hayahisi. Lakini paskali 250 ni sawa na kilo 25 zinazosukuma kwenda juu katika kila mita moja ya mraba. Sakafu ya mita 10 kwa 10 maana yake ni nyumba inayotaka kupaa kwa nguvu ya tani 2.5 kabla upepo haujavuma. Hapo utafunga kamba, utachimbia nanga, utapanga mifuko ya mchanga. Kwenye uwanja wa mpira hilo linawezekana. Kwenye tope ambalo jana lilikuwa mto, tani mbili na nusu unazifunga wapi? Na mashine ya kupuliza inakunywa umeme usiku kucha, mahali ambapo nguzo za umeme zimelala chini.

Ndiyo maana nikachagua mbavu. Kila ubavu ni mrija wa kipenyo cha sentimita 30, uliopinda kama upinde, na kimo chake katikati kinafika mita 2 ili mtu mzima asimame bila kuinama. Ndani yake kuna presha ya kilopaskali 20, chini ya kumi moja ya ile ya tairi la gari dogo. Hewa ya mbavu zote nne ni karibu lita 1,900, na ukitumia pampu ya mguu ya boti la mpira inayotoa lita 5 kila ukikanyaga, ni mikanyago 380 hivi. Vijana wawili wakipokezana hawafiki robo saa. Nimekanyaga mwenyewe, na sishauri mtu afanye hivyo akiwa amevaa kandambili.

Shida ya mbavu ni jua. Hewa iliyofungiwa ikipata moto inatafuta nafasi, na isipoipata inasukuma. Tulijaza mbavu alfajiri moja ya Julai, nyuzijoto 22, geji ikisoma 20. Saa saba mchana ngozi ya plastiki ilikuwa imefika nyuzi 55. Hesabu ya darasani ilisema presha ingefika 33. Geji ikasema 31, kwa kuwa kitambaa nacho kinanyumbuka kidogo. Kwa mrija wa kipenyo hicho, kila mita ya mshono iliyokuwa ikivutwa kwa uzito wa kilo 300 asubuhi sasa inavutwa kwa zaidi ya kilo 450. Ukisema basi, nipunguze hewa mchana ibaki 20, usiku hewa ikipoa inashuka hadi chini ya 8, na hema linalegea kama abiria aliyesinzia kwenye daladala. Kwa hiyo mshono lazima uwe na nguvu ya mchana, valvu lazima ijue kupumua yenyewe, na pampu lazima ibaki na familia. Hilo la mwisho lilinichukulia wiki mbili za mabishano, kwa sababu katika hesabu za gharama pampu moja ilikuwa imepangwa kuhudumia mahema 20. Mimi nilikuwa nafikiria saa tisa usiku, mvua inanyesha, na mama wa hema la kumi na tisa anatafuta pampu ilipo.

Ninajua saa tisa usiku ya hema inafananaje. Mafuriko ya Desemba 2011 yalinikuta Jangwani, nina miaka 11. Usiku wenyewe sitausimulia. Karibu kila familia ya Bonde la Msimbazi ina simulizi yake na zinafanana. Tulilala kwenye madarasa ya shule, kisha Januari 2012 tukapelekwa Mabwepande pamoja na wengine, kilomita kama 30 kaskazini mwa jiji, tukapewa kiwanja na hema. Tulikuwa watu sita. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvitumia duniani kote, vinasema kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za sakafu iliyofunikwa. Sikuwa na habari hiyo wakati ule. Nilichojua ni kwamba bibi alilala upande wa kichwa cha hema, sisi watoto tukajipanga katikati kama dagaa, na baba alilala mlangoni, miguu nje.

Tulikaa kwenye hema lile miezi 14.

Msimamizi wangu hakuwa na habari hizo wakati aliponitaka nifanye mahojiano na watu waliowahi kuishi kwenye mahema. Aliniambia nitafute angalau kumi. Nilikuwa na dodoso lenye maswali 22: joto, uvujaji, muda wa kusimamisha, uzito, mwanga, sakafu, mbu. Wa kwanza niliyemhoji alikuwa mama. Tulikaa barazani, yeye anaumua unga wa vitumbua vya kesho, mimi nina kalamu na fomu ya ridhaa ambayo aliisaini huku anacheka, akauliza kama nimesahau jina lake hadi nimwandikishe.

Kwenye joto alijibu haraka: kali, mchana hakukaliki, tulikuwa tunakaa chini ya mkorosho. Kwenye uvujaji akasema hapana, lile hema halikuvuja, lilikuwa zuri. Nikaendelea hadi swali la kumi na nne, kuhusu mwanga: je, usiku mwanga ulitosha? Akaacha kukoroga.

"Andika kivuli," akasema.

"Kivuli gani, mama?"

"Ukiwasha taa ndani ya hema, wewe unakuwa sinema. Mtu wa nje anakuona unavyoinuka, unavyovua, unavyojifunga khanga. Wewe humwoni. Kulikuwa na vijana wanakaa pale kwenye matofali kila usiku. Baba yako ndiye aliyegundua, alitoka kwenda haja akaona."

Nilikuwa darasa la tano mwaka ule. Kila siku saa mbili usiku taa ilizimwa, na tuliambiwa mafuta yameisha. Madaftari yangu ya hesabu ya muhula ule yamejaa kazi zilizoishia katikati, na mwalimu ameandika kwa wino mwekundu kwenye kila ukurasa: *Maliza kazi yako.* Mafuta yalikuwepo. Chupa ilikuwa chini ya kitanda cha bibi, mama akasema, nusu nzima, na ilihama nayo tulipohamia kwenye chumba cha matofali.

Niliandika kivuli. Kisha nikarudi kwenye dodoso, na hakukuwa na swali lolote linalohusiana na jambo hilo, wala kwenye dodoso la chuo nililoliiga. Kati ya wanawake saba niliowahoji baadaye, sita walikitaja kivuli bila kuulizwa. Mwanamume mmoja tu ndiye aliyekitaja, na alikitaja kwa sababu alikuwa na mabinti.

Kuna mtu aliyewahi kusikia jibu la kinyume kabisa, na jibu lake limekaa ukutani mwangu kwa muda. Michael Rakowitz, msanii Mmarekani, mwaka 1998 alianza kutengeneza vibanda vya kupuliza kwa ajili ya watu wasio na makazi huko Cambridge, Massachusetts. Aliviita paraSITE. Vilitengenezwa kwa mifuko ya plastiki na gundi ya utepe, kwa gharama ya dola chache, na vilipulizwa na hewa ya moto inayotupwa nje na mashine za kupasha joto majengo: unachomeka mrija kwenye tundu la ukuta, kibanda kinavimba na kinakuwa na joto bila mwenye jengo kupoteza chochote. Kibanda cha kwanza Rakowitz alikitengeneza kwa mifuko myeusi, akidhani anawapa watu faragha. Waliokusudiwa kukitumia wakamkatalia. Wao walitaka plastiki inayoona, ili wamwone anayewakaribia kwa ubaya, na wao waonekane kuwa wapo. Mtu anayelala barabarani ana hofu ya kushambuliwa kuliko hofu ya kutazamwa.

Nilipomsimulia mama habari hiyo alitikisa kichwa, akasema wale wako peke yao. Hakufafanua, na nadhani nilielewa. Mabwepande tulikuwa tunaonekana na kila mtu muda wote. Adui hakuhitaji kutukaribia. Alikuwa jirani, amekaa kwenye matofali yake, na hakuna sheria aliyoivunja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kitambaa kiwe cha rangi gani, mbunifu inabidi aulize nani yuko nje. Hilo silijui likae wapi kwenye jedwali la vigezo vya ubora, ambalo lina safu za "uzito", "gharama" na "muda".

Muda ndio unaotukuzwa kuliko vyote katika fani hii. Kila kipeperushi cha hema la kupuliza kinaanza na dakika. Sibezi dakika. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kabla ya wiki kwisha. Kwa siku kama hizo hakuna kitu cha haraka kupita kiasi. Lakini angalia kilichofuata upande wa nguzo. Wakimbizi wa vita ile, zaidi ya milioni 2 katika nchi za jirani na Rwanda yenyewe, walipewa maturubai ya plastiki, na turubai bila nguzo ni shuka tu. Wakakata miti. Misitu ilipoanza kwisha, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likajaribu kuwapa mabomba ya alumini. Watu wakayauza, kwa sababu alumini ina bei na tumbo lina njaa, kisha wakarudi kukata miti. Ndipo msanifu Mjapani Shigeru Ban alipopendekeza nguzo za mirija ya karatasi ngumu, ambayo hakuna anayeweza kuiuza ikamfaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vibanda 50 vya majaribio vilijengwa katika kambi ya Byumba, Rwanda.

Ban ananipa raha na ananisumbua. Hewa ni nguzo bora kuliko hata karatasi: haikatwi msituni, haina soko. Lakini ule ubunifu wa nguzo isiyouzika umejengwa juu ya uamuzi kwamba mwenye njaa akiuza bomba lake amekosea. Bibi yangu aliuza kamba mbili za hema letu. Alinunua dawa ya kikohozi, na baba akafunga waya pale zilipokuwa kamba, na hema likasimama.

Hata dakika zenyewe zina mwenyewe anayezitawala, na si mbunifu. Tetemeko la Oktoba 2005 lilipoipiga Pakistan, Madaktari Wasio na Mipaka walisimamisha hospitali ya mahema ya kupuliza mjini Mansehra, na tangu hapo aina hiyo imefanya kazi kubwa ambayo Lanchester angeifurahia: vyumba vya upasuaji, wodi, yote ndani ya mirija ya hewa. Tetemeko la Haiti lilipotokea Januari 2010, hospitali kama hiyo ilipakiwa kwenye ndege. Ndege haikuruhusiwa kutua Port-au-Prince, uwanja ukiwa umefurika ndege, ikaelekezwa Jamhuri ya Dominika, na mizigo ikamalizia safari kwa malori. Hospitali inayovimba kwa muda mfupi ilikwama kwenye foleni ya ndege na barabara ya milimani. Ilipofika ilipangwa kwenye uwanja wa shule na kuwatibu watu wengi sana. Kila nikiandika "robo saa" kwenye tasnifu yangu nakumbuka kwamba robo saa hiyo inaanza kuhesabiwa baada ya kila kitu kigumu kuwa kimeisha.

(Na kuna wale wanafunzi wawili wa uzamili wa Royal College of Art, London, Peter Brewin na William Crawford, ambao miaka ya 2004 na 2005 walibuni hema la kitambaa chenye saruji ndani: unalipuliza, unalimwagia maji, baada ya saa 24 una nyumba ngumu. Ni kazi ambayo kila mwanafunzi wa fani hii ameionea wivu. Kitambaa chao leo kinauzwa zaidi kwa ajili ya kutandika mitaro na kingo za mifereji. Mtu wa Jangwani angesema mitaro ndiyo iliyopaswa kuwa ya kwanza.)

Hoja iliyonipa shida kubwa kwenye kikao cha maendeleo ya tasnifu haikuwa ya kihandisi. Mmoja wa walimu, mtu ninayemheshimu na ambaye maswali yake hayana chuki, aliuliza: ukilifanya hema kuwa zuri, hurahisishi watu kuachwa humo? Hema baya lina faida moja, alisema, linawatia aibu wenye mamlaka. Darasa lilikaa kimya, kwa sababu hoja ni nzito na historia ya kambi duniani imejaa mahema ya muda yaliyozaa wajukuu. Nilimjibu kitu kuhusu viwango vya kibinadamu, maneno ya kitabuni, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Jioni nilimpigia mama na kumweleza swali lile kama lilivyoulizwa. Alitaka kwanza kujua kama mwalimu mwenyewe amekula mchana, kwa sababu watu wenye njaa huuliza mambo magumu. Kisha akasema: "Tungekaa miezi ileile. Ila tungekaa na taa."

Sijaona jibu bora, na sijui namna ya kuliweka kwenye sura ya nne bila kulifanya lionekane kama pambo. Ninachokiamini sasa ni kwamba hoja ya aibu inamhusu anayetazama hema. Aliye ndani haoni aibu ya mwenye mamlaka ikifanya kazi. Anaona giza la saa mbili.

Wakati huohuo, jiji zima la Dar es Salaam limekuwa likisimamisha malazi ya haraka kila siku bila kumwita msanifu. Mtu akifa alfajiri, kabla ya saa nne kuna turubai mtaani. Linakuja na kirikuu, vijana watatu, mabomba ya chuma yaliyopakwa rangi ya fedha, viti vya plastiki mia moja. Hakuna maelekezo yaliyoandikwa. Bomba lililopinda wanalijua lilipopinda. Linafunga barabara na hakuna anayepiga honi. Na likishasimama, wanawake wanajua upande wao, sufuria zinajua upande wake, mikeka inatandikwa, mtu anaweza kulala hapo siku tatu na hakuna kijana atakayekaa kwenye matofali kumtazama, kwa kuwa kila anayepita anajua turubai lile ni la nani na limekuja kwa sababu gani. Nilikaa wiki moja na kikundi kimoja cha kukodisha maturubai Kigogo nikipima muda wao. Dakika 26 kwa turubai la mita 6 kwa 12. Yule mkubwa wao, aliponiona na saa mkononi, akaniuliza, "Dada, tunachelewa?"

Kutoka kwao nimechukua vitu viwili: kamba za rangi tofauti kila pembe, ili mtu asiyejua kusoma asihitaji kusoma, na ncha ya mbele inayofunguka kuwa kibaraza, kwa sababu msiba umenifundisha kwamba watu hawataki kukaa ndani. Wanataka kukaa mlangoni mwa kwao.

Hema langu la tatu linatengenezwa Gerezani, kwa fundi wa maturubai ya malori ambaye ana mashine ya kuchomelea plastiki kwa hewa ya moto na mkono usiotetemeka. Ninamwita kaka, ananiita injinia nikiwepo, na nikiondoka, nimeambiwa, ananiita yule dada wa mapulizo. Mishono yake ya mara mbili imehimili presha kubwa kuliko ya maabara. Nilimpelekea pamba nyeusi ya kuweka ndani, tabaka la pili linaloning'inia sentimita kumi kutoka ngozi ya nje, ili mwanga wa taa uishie humo. Tulifanya jaribio usiku karakana ilipofungwa: mimi ndani na taa ya sola, yeye nje. Nikainua mikono, nikajifunga khanga, nikavua, nikainama. Akapiga kelele kutoka nje, "Injinia, umeshaanza?"

Kilo 4 na ushee, hiyo pamba. Hema limetoka kilo 42 hadi 46, na msimamizi wangu amezungushia duara namba hiyo mara mbili. Amesema nitahitaji kuitetea. Mchana, ile nafasi ya sentimita kumi inapitisha upepo na kupunguza joto kidogo, na nitaanza na hilo kwa sababu lina grafu.

Kisha kuna suala la kufuli. Mwisho wa mahojiano, dodoso limeisha, mama aliuliza kama hili la kwangu lina mahali pa kufuli. Nikamwambia kitambaa kinachanika kwa wembe, kufuli ya nini.

"Najua wembe," akasema. "Akichana, amechana, kila mtu anaona ni mwizi. Zipu akiifungua, atasema alidhani ni kwake."

Baba, aliyekuwa amekaa upande wa pili akisikiliza redio, aliipunguza sauti. Hakuongeza neno. Miguu yake, ambayo kwa miezi 14 ililala nje ya lile hema, ilikuwa juu ya kiti kidogo, imepakwa mafuta ya nazi.

Fundi ameshonea pete mbili za chuma, moja kwenye ulimi wa zipu na nyingine kwenye kizingiti, chini, mahali mkono wa mtoto unapofika. Aliziweka kwanza juu, nikamwomba azishushe. Zinaongeza gramu 60. Utetezi wa tasnifu ni wiki ya tatu ya mwezi ujao, na kwenye jedwali la vifaa nimeziandika kwenye mstari wa mwisho, baada ya pampu: pete, 2, kufuli ndogo, 1, funguo, 2.